Mheshimiwa na Mlango wa Xintang

Gazeti la mji wake limempa marehemu Renzo nusu safu. Binti yake ameupiga picha ukurasa huo na kunitumia kwa simu, na chini yake ameniandikia maana kwa Kiingereza, kwa sababu Kitaliano changu kiliishia kwenye majina ya vyakula. Gazeti limesema yote yanayopasa kusemwa juu ya mtu wa namna yake: wakili wa wanawake wa viwanda vya nguo, meya akiwa bado kijana, mbunge wa chama cha kisoshalisti, naibu waziri wa kazi. Kisha mstari mmoja tu: baada ya chama kuanguka, aliishi ughaibuni kwa miaka kadhaa. Basi. Niliusoma mstari huo nikiwa ofisini kwangu hapa Dar es Salaam, mteja ameketi mbele yangu, nikamwomba radhi nikatoka nje kulia. Nilipomaliza kulia nikakasirika. Maana mwaka mmoja katika hiyo miaka kadhaa ulikuwa wangu, na mtu akiniuliza ni lini Renzo alikuwa mwanasiasa kweli kweli, sitamtajia bunge wala wizara. Nitamtajia Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, na mlango mmoja wa chuma.

Tulikuwa tunaishi Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, katika hoteli ambayo lifti yake ilikuwa na tabia ya kupumzika inapojisikia. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya lugha, sina haraka ya kurudi nyumbani, najipatia riziki kwa kuwatafsiria wafanyabiashara wetu Kichina. Yeye alikuwa ameajiriwa na kampuni moja ya kwao iliyotaka kushonesha suruali za jinzi China. Kazi yake ilikuwa kuzungukia karakana, kuzikagua na kutia sahihi kwamba zinafaa. Kampuni ingemlipia hoteli nzuri zaidi, lakini alisema hoteli nzuri zina zulia na zulia linameza sauti za watu. Siku niliyopelekwa kwake kama mkalimani, alipoambiwa natoka Tanzania, alisimama wima, mvi zake zimemsimama pia, akaniita kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Ndugu!" Kumbe alifika Dar miaka ya sabini na ujumbe wa chama chake, akapelekwa kijijini kuona ujamaa, akalishwa ugali, na neno hilo moja akalitunza kama mtu anavyotunza suti ya harusi. Hakujua kwamba sisi tulikuwa tumeshalivua. Viongozi wetu wakati huo walikuwa wamekwisha kuwa Waheshimiwa.

"Huyu kachelewa," alisema Bi Mwanaidi, mwanamke wa Kariakoo aliyekuwa mama wa sisi sote pale hotelini, huku machozi ya kicheko yakimtoka. "Hajapata habari kwamba undugu umekwisha?" Tangu siku hiyo tukawa tunamwita Mheshimiwa. Sisi tulikuwa tunamtania, naye aliona anaheshimiwa, na kila mmoja aliridhika.

Chumba chake kilikuwa na kitanda, meza, na chungu cha umeme cha kupikia wali ambacho yeye alipikia tambi. Alizipika kwa nyanya za kopo na vitunguu saumu, na Bi Mwanaidi, aliyeamini kwamba chakula kisicho na viungo ni cha mgonjwa, alikuwa akipita na kuzitia bizari ya pilau bila kuomba ruhusa. Tulikula jioni tukiwa tumekalia kitanda, sahani mapajani, naye akitusimulia maisha yake kwa Kiingereza. Alianza uwakili katika mji wenye kiwanda cha kufuma nguo. Mwenye kiwanda alikuwa akiwafungia wanawake ndani mpaka zamu iishe, akidai wanaiba nyuzi. Siku moja pamba ikashika moto. Hawakufa, lakini mmoja wao aliruka dirishani na hakutembea tena. Renzo aliichukua kesi yake wakati mawakili wakubwa wa mji walipoikwepa, akashinda, na mji ukamfanya meya. "Mimi sikuchaguliwa na watu," alituambia, "nilichaguliwa na mlango." Baada ya hapo akapanda: bungeni, wizarani, gari lenye dereva. Alisema mtu hajui ni lini hasa anaanza kula chakula cha mchana na wenye viwanda badala ya wafanyakazi. Anashtukia tu amezoea mchuzi wao. Kisha zikaja kashfa za rushwa, chama kikasambaratika. Yeye hakushtakiwa kwa lolote. Lakini katika mkahawa alikokuwa akinywa kahawa tangu ujana wake, watu walianza kumgeuzia mgongo, wasafi na wachafu wote wakatiwa kapu moja. Akafunga mizigo. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na nilidhani siasa ni kelele za watu wenye matumbo makubwa. Kwenye kitanda kile ndiko nilikojifunza kwamba siasa inaweza kuwa kufuli na ufunguo.

Nieleze sasa jambo moja la wafanyabiashara wetu, bila hilo hadithi hii haieleweki. Hakuna aliyekuwa akimwambia mwenzake anakonunua. Unaweza kumkopesha mtu chumvi, kumuuguza, kumzika, kuchangia naye kontena moja mpaka bandarini, lakini jina la karakana unayochukulia mzigo ni siri ya kaburini. Ukilitaja, kesho mwenzako yuko kwa laoban wako, yaani bosi mwenyewe wa karakana, anachukua suruali zile zile, na sokoni nyumbani anakuharibia bei. Kwa hiyo watu walidanganyana kwa adabu kubwa. Asubuhi moja nilipanda basi la Xintang, huko kwenye karakana zote za jinzi, nikawakuta wa hoteli yetu watatu, kila mmoja kiti chake. Bi Mwanaidi alisema anakwenda kumwona daktari wa miguu. Kamau wa Nairobi naye akasema ana daktari, wa meno. Wa tatu, Mzanzibari mmoja mpole, akakosa ugonjwa uliobaki, akasema anakwenda kupunga upepo. Tulishuka kituo kimoja, tukaagana, na kila mmoja akasubiri wenzake wapotee kwanza. Mimi mkalimani niliwajua wote wanakokwenda. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haisemi.

Karakana ya Laoban Liang, huko huko Xintang, nilikompeleka Renzo kukagua, ilikuwa ya ghorofa tatu: chini stoo, katikati vyerehani, juu bweni la washonaji. Liang hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mwembamba, mcheshi, anamimina chai mwenyewe, na alitueleza kwamba naye alianza kwa kulala chini ya cherehani. Renzo alikagua vitambaa, akakagua mishono, akasifu. Kisha akaomba kuona juu. Liang akacheka akasema hakuna cha kuona. Renzo, kwa ile tabia yake ya kutosikia asichotaka, akaanza kupanda ngazi. Bweni lilikuwa na mlango mmoja wa nondo, na kufuli lilikuwa upande wetu, upande wa nje. Ndani, wasichana wa zamu ya usiku walikuwa wamelala. Wengine walikuwa wamefua taulo na kuzitundika kwenye nondo zile zile. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa bati. Msichana mmoja, nilikuja kumjua baadaye kwa jina la Xiao Mei, akasogea mlangoni akanitazama mimi Mwafrika na mzee wa Kizungu bila kushangaa sana. Akaniuliza kitu kimoja tu: nje mvua inanyesha?

Nilimtafsiria Renzo swali hilo. Alishika ukuta. Tuliposhuka chini aliongea na Liang kwa utaratibu, kiwakili, nami nikafuata neno kwa neno: moto ukizuka hawa watakufa wote. Liang akamimina chai tena. Mlango ukiwa wazi, alisema, watamwibia suruali, watahamia karakana ya jirani akiwa katikati ya oda. Bu xing, haiwezekani. Renzo akasema hatatia sahihi. Hapo Liang akacheka kwa upole, kama mtu anayemhurumia mgeni. "Mwambie asitie," aliniambia. "Oda yenu bado ni maneno. Wanaonilisha mimi ni Waafrika wako." Ufunguo ulikuwa unaning'inia kiunoni mwake muda wote tuliokunywa chai.

Kuta za hoteli yetu zilikuwa nyembamba, na jioni ile nilimsikia chumbani kwake akizungumza na kampuni kwa simu. Sikujua Kitaliano, lakini neno porta, yaani mlango, nilikuwa nimefundishwa, na alilitaja mara nyingi, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Alipokata simu aliniita akaniambia kwa kifupi: wamemwamuru atie sahihi au arudi nyumbani, kwa gharama zake mwenyewe. Nilimuuliza atafanyaje. Aliniangalia kwa mshangao kana kwamba nimemuuliza kama ataamka kesho. "Sahihi hawapati," alisema. "Lakini nikikataa peke yangu nitapoteza kazi, na mlango utabaki umefungwa. Nataka mlango." Macho yake yalikuwa yanang'aa, nami nilifurahi, ingawa niliogopa. Kama ni Waafrika wanaomlisha Liang, alisema, basi Waafrika watamkatalia. Mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia, Ramadhani ilikuwa bado, Krismasi na Idd mwaka ule zilifuatana, na kila mfanyabiashara alitaka mzigo wake uwahi meli. Hakuna wakati ambao Liang angewahitaji zaidi, wala wakati ambao wao wangemhitaji zaidi yeye. Nilimwambia hivyo. Akasema nimwachie, amehutubia viwanja vingi kuliko nywele zangu.

Ijumaa baada ya swala, wetu wengi hukutana katika mgahawa wa Waislamu wa Kichina, wenye tambi za kuvutwa kwa mkono na supu ya kondoo. Hata Kamau na Wakristo wengine walikuja, kwa sababu ya supu. Renzo alifika amevaa tai. Akapanda juu ya kiti, mwenye mgahawa akakishikilia kiti kwa hofu, na nikasimama chini yake nikitafsiri. Nakiri hotuba ilikuwa nzuri. Aliwasimulia mwanamke aliyeruka dirishani, na akina mama waliacha kula. Alisema umoja ni nguvu, na nikaona watu wanatikisa vichwa kukubali. Kisha akanyoosha mkono wake juu, kama alivyozoea kwao mbele ya mageti ya viwanda, akauliza: "Nani kati yenu ananunua kwa Liang? Ainue mkono wake, tumhesabu, tumjue!"

Nilipokuwa nalitafsiri swali hilo ndipo nilipoelewa alichokifanya, na maneno yalikuwa yameshatoka. Watu zaidi ya ishirini wakaanza kuchunguza supu zao kana kwamba kondoo angeibuka. Bi Mwanaidi, ambaye juzi yake tu nilimsaidia kufunga marobota ya Liang kwa mikono yangu hii, akainua uso wake mtulivu akauliza: "Huyo Liang ndiye nani?"

"Hata mimi ndio naskia hilo jina leo," akasema Kamau. Mzanzibari mpole akasema pengine ni muuza simu. Wakampigia Mheshimiwa makofi kwa hotuba, wakalipa, wakaondoka mmoja mmoja, na kila mmoja alipopita mbele yangu alinitupia jicho la onyo.

Nilimkuta chumbani amekaa kitandani na tai yake mkononi. Alisema kwao, wafanyakazi wasipoinua mikono, ujue mambo yamekwisha. Alisema hawalaumu, hofu ni hofu, na kwamba pengine yeye ni mzee wa kupanda viti tu. Hapo nilikasirika, na si kwa kuwa nilimdharau, bali kwa kuwa nilimpenda mno, nisiweze kumwona hivyo. "Mheshimiwa," nikamwambia, "hawaogopi. Wote wananunua kwa Liang. Wewe umewaambia wavue nguo sokoni." Nikamweleza yote: basi, daktari wa miguu, daktari wa meno, upepo. Akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika nikampiga mgongoni. Alipopata pumzi akasema jambo ambalo nimelirudia mahakamani na kwenye semina maisha yangu yote. Alisema babu zake walipigania kura ya siri kwa sababu mwenye shamba alikuwa akisimama kuhesabu mikono. "Nami," akasema, akijipiga paji la uso, "msoshalisti mzima, nimesimama juu ya kiti kuhesabu mikono ya watu! Ndugu Saida, twende tukapige kura ya siri."

Tulitembea chumba kwa chumba, mchana, wakati kila mtu anafunga mizigo. Yeye hakuvaa tai. Alikaa chini kwenye marobota, akanywa chai kila mahali, akauliza habari za watoto, akafunga kamba. Nikagundua kwamba hiyo ndiyo kazi aliyoijua hasa, kuliko viti na hotuba. Kisha mimi nilisema kwa Kiswahili maneno yale yale kwa kila mtu: hatukuulizi unanunua wapi. Lakini kama ungekuwa na laoban mwenye mlango uliofungwa, ungeweza kumwambia, wewe na yeye tu, kwamba huchukui mzigo mpaka aufungue? Hakuna atakayejua umesema.

Bi Mwanaidi alifunga mlango wa chumba chake kwanza. "Simjui huyo Liang," alisema. "Lakini ningekuwa namjua, mwanangu, ningemwambia nguo iliyoshonwa na mtoto wa mwenzangu aliyefungiwa kama kuku, siwezi kwenda kumvalisha mtoto wa mtu sikukuu. Haina baraka."

"Na meli ikikuacha?"

"Itaniacha na Mungu wangu. Mnywe chai."

Kamau alikuwa na hesabu zake. "Siz, mzae ako sawa, lakini Ijumaa alitaka kutuchoma mbele ya watu," alisema. "Sasa hivi anaongea. Hiyo place ikishika moto, si ata mzigo wangu unaungua? Si eti nanunua huko." Mzanzibari mpole hakutoa sababu yoyote. Alimshika Renzo mkono kwa mikono yake miwili, akauweka kifuani, basi. Kila tulipotoka chumba kimoja, wa chumba cha pili alituuliza wa kwanza amesema nini, nasi tukajibu kwamba amezungumzia hali ya hewa.

Sikuwa na uhakika kama wangefanya. Biashara haigombi, na mtu akiwa peke yake mbele ya bosi ni rahisi kumeza neno. Siku zikapita, kontena la kuchangia likakaa nusu tupu, wakala wa mizigo akawa anapiga simu hotelini anatukana kwa lugha tatu. Mezani kwa Renzo barua ya kampuni ilikwisha kufika. Hana kazi tena. Alinunua nyanya za kopo nyingi zaidi akaendelea kupika. Kisha asubuhi moja Liang alinipigia mwenyewe, sauti imempanda. Akaniuliza Waafrika wana nini wiki hii. Mama mmoja amekuja kumnong'oneza habari za mlango. Baadaye kijana mmoja, amenong'ona hilo hilo. Kisha mwingine ambaye hata Kichina hajui, amemchorea mlango kwa kidole mezani, akachora kufuli, akalifuta. Kila mmoja amemwapisha asiwaambie wenzake. "Ni dini yenu?" aliniuliza. Nilifunika simu kwa mkono nicheke vizuri. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wazee walisema, ingawa sidhani walikuwa na kimya cha Xiaobei akilini. Nilimwambia Liang kwamba ndiyo, nadhani ni dini yetu, na hatuibadilishi karibuni.

Tulikwenda Xintang kuhakikisha. Mlango wa nondo ulikuwa umeng'olewa kabisa, umeegemezwa uani. Liang alisema kwa ukali kwamba kama ni kufungua, yeye hafanyi kazi nusu. Bati la dirisha nalo lilikuwa limetolewa. Ilikuwa saa ya chakula, na wasichana walikuwa wanashuka ngazi na mabakuli, wanapanda, wanashuka tena bila mabakuli, bila sababu, wakisukumana na kucheka. Renzo alisimama chini ya ngazi na kofia yake mkononi. Nami nikatazama kwingine nimpe nafasi.

Xiao Mei alishuka, akanitambua, akasimama mbele yetu. Akauliza huyu mzee ni nani hasa. Nilimgeukia Renzo nimtafsirie, nikijua kitakachofuata, maana nilishaizoea orodha yake: meya, mbunge, naibu waziri. "Mwambie mimi ni wakili," alisema.

"Wakili wa nani?" Xiao Mei akauliza.

Renzo akamwelekeza Xiao Mei kwa kofia yake. "Wake," akasema.

Nikatafsiri. Xiao Mei alimkagua kuanzia viatu mpaka mvi, bila haraka, kama anavyokagua mshono kabla ya kuupitisha. Hakutabasamu wala hakushukuru. Akasema kama ni hivyo, kuna mwenzao huko juu ambaye cherehani kimemshona kidole mpaka mfupani, na laoban anasema arudi kijijini kwao, kwamba kidole ni chake mwenyewe na cherehani ni cha karakana. Nilimtafsiria Renzo yote. Alivua koti, akaketi kwenye ngazi, akausogelea ukuta ili kuacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yake.

"Mwambie amlete," alisema. "Na aanze mwanzo."